Pemba ya Kilimani

Mimi ni mtu wa kinyaa na sina haja ya kuficha. Kikombe alichonywea mtu mwingine sikigusi hata kikisuguliwa kwa majivu. Mtu akipiga chafya karibu na sahani yangu, mimi nimeshiba. Wenzangu wa ofisini wanasema ni maringo, na mmoja huwa anadai nimekulia Mwadui kwenye nyumba za kampuni ya almasi, wakati Mwadui mimi naijua kwa kuipita na basi. Nimekulia kwenye senta ya vumbi upande wa Msalala, njia ya kwenda Segese, nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na choo kimoja. Maringo ningeyatoa wapi?

Jumamosi iliyopita walinikokota kwenda kupanda kilima. Siku hizi ndiyo mtindo, wanaita haiking, mtu ananunua viatu vya kazi hiyo tu na chupa ya maji yenye mkanda. Na kilima chenyewe ni kile kile cha kwetu, tulichokuwa tunakipanda pekupeku. Wamepaka mishale myekundu kwenye mawe ili wageni wasipotee, kana kwamba kuna mtu anaweza kupotea kwenye kilima ambacho ukiwa juu unaona mpaka nguo zilizoanikwa nyumbani kwenu. Lakini nikiri, nilifurahi. Baridi ya Julai ilikuwa imeshakatika, ule upepo mkavu unaopasua midomo umekwenda zake, na watu walikuwa wamevua majaketi wakayafunga viunoni. Jiwe linapoanza kupata moto asubuhi lina harufu yake, kama chungu kilichoinjikwa kikiwa kitupu, na harufu ile nilikuwa nimeikosa miaka mingi bila kujua kwamba nimeikosa. Nikawa natembea mbele ya wote.

Hapo dada mmoja mgeni, kahamia kwetu kutoka Dar es Salaam, akainama pembeni ya njia akaokota kitu cheupe, cha mviringo, kikavu.

"Jamani, huku kwenu chaki zinaota porini?" akauliza, akakisogeza puani kukinusa.

Sikuwahi hata kumwambia atupe. Niligeuka nyuma ya jiwe nikatapika chai, chapati na kila kitu. Wenzangu wakacheka, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu ana habari njema, tuandae vitenge. Sina habari njema. Nina habari mbaya, na ni ya zamani, na ilianzia pale pale kwenye njia ile.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mama alikuwa na mimba ya tatu baada yangu, na mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii ya sasa nyumba nzima ilikuwa inatembea juu ya vidole. Baba alikuwa machimboni, anarudi baada ya wiki mbili au tatu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akamleta dada yake, Shangazi Minza, aje kumsaidia mama kazi. Shangazi hakuja kusaidia kazi, alikuja kulinda mimba. Kila aliyeingia uani alikaguliwa mikono. Alikuwa anasema mbele ya mtu yeyote kwamba mimba mbili haziharibiki zenyewe, kuna mkono wa mtu.

Mimba ile ilikuwa inataka pemba. Kwa asiyejua, pemba ni udongo mweupe wa kula, unachimbwa, unakandwa, unakaushwa juani, na mwanamke mwenye mimba akiutaka hata umpe pilau atasukuma sahani. Mama alikuwa anaivunja kwa meno ya pembeni, ko, halafu anafumba macho. Midomo yake ilikuwa myeupe mchana kutwa. Mimi nilikuwa nakaa mbali naye, maana ile sauti ya mchanga kwenye meno ilikuwa inanisisimua mwili vibaya.

Pemba hiyo ilitoka kwa Bibi Nyanzobe, na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kabisa, kwa sababu nikimpamba marehemu nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Bibi Nyanzobe alikuwa anatia kinyaa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, chini ya kilima, na yeye alikuwa anashinda barazani na kopo la ugoro mapajani. Ananusa, anapiga chafya, ugoro unamtoka puani unachora mstari wa kahawia mpaka juu ya mdomo, na hapo ulimi unatoka kuupokea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile, pembeni yana tongotongo, na nzi walikuwa wanajua anuani yake. Ulimi nao ulikuwa mkali. Ukimsalimia kwa sauti ndogo anakuuliza kama shikamoo unaiuza.

Kwa mwanamke mwenye mimba hakuwa anataka malipo. Alisema anayeomba si mama, anayeomba ni yule aliye tumboni, na huyo hana mfuko. Wengine walinunua. Lakini awe mnunuzi au mjamzito, pemba haikutoka mkononi mwake kabla hajailamba. Hili ndilo lililokuwa linaniua. Anachukua moja, anaipitisha ulimini, anafumba jicho moja kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya.

"Hii ina mchanga," anaiweka pembeni. Analamba nyingine. "Hii. Mpelekee mama yako."

Anakuwekea kiganjani, imelowa, ina uvuguvugu, na wakati mwingine ina alama ya kahawia. Mimi nilikuwa naipokea kwa vidole viwili, nasema asante Bibi, natembea kwa adabu mpaka kwenye kona ya ukuta ambapo hanioni. Nikishapita kona naisugua kwenye sketi mpaka mkono unauma. Nikifika nyumbani mama anaitia mdomoni hapo hapo, na nilikuwa nahisi mate ya yule bibi yanateremka kwenye koo langu mimi. Usiku naota ulimi. Nilimwomba Shangazi aende yeye, akasema mtoto wa kike anayechagua pa kutumwa atakuja kuchaguliwa na umaskini.

Sasa kati ya nyumba ya Bibi Nyanzobe na kilima kulikuwa na ngitili. Ni lile eneo la malisho ambalo wazee wanalifunga mvua zikianza ili nyasi zikue. Haingii ng'ombe, hakati njia mtu, na ukikamatwa ndani unatozwa faini. Njia ya kilimani ilikuwa inapita katikati yake, kwa hiyo kilima nacho kilikuwa kinafungwa. Miezi na miezi tunakitazama tu. Kipupwe kinapita, tunaota moto wa maranda, miguu inapasuka visigino. Halafu siku moja unaamka unakuta maji ya kunawa hayaumi mikono, jua limerudi na nguvu yake, na wazee wanatangaza kwamba kesho ng'ombe wanaingia ngitili. Kwetu sisi watoto hiyo ilikuwa sikukuu kuliko zile za kanisani.

Asubuhi ile tulipanda zaidi ya kumi. Nyasi zilikuwa zimetuzidi kimo, rangi ya ugali wa mtama, na mbele ng'ombe walikuwa wamelaza nyasi za njiani kwa kwato zao. Ukwaju ulikuwa umeiva, tunaupopoa kwa mawe, tunaunyonya mpaka meno yanakuwa kama si yetu. Tukifika kwenye mwamba mpana juu tunalala chali, mgongo unapata joto, na ukigeuza shingo unaona machimbo upande wa pili, yale maturubai ya bluu na vifusi vyeupe, unajiambia baba yuko chini ya kimojawapo. Sijawahi kupumzika tena namna ile. Na ndipo nilipoziona.

Zilikuwa pembeni ya mwamba, mahali ambapo hakuna mtu aliyepita tangu mvua. Nyeupe. Nyingine zimesagika, nyingine nzima, za mviringo, nyepesi, kavu, zimeoshwa na mvua na kuchomwa na jua mpaka zimekuwa safi kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye kopo la Bibi Nyanzobe. Nilizinusa, maana mimi hunusa kila kitu. Zilikuwa zinanuka jua tu. Akili ya mtoto ikafanya kazi yake. Nilikuwa nimeshamwona Bibi Nyanzobe mara kadhaa akitokea nyuma ya kilima na beseni la pemba kichwani. Nikajiambia, kumbe ndipo anapoziokota. Kumbe hamna cha kukanda wala kukausha, zinaota zenyewe hapa juu, safi, na kazi yake yeye ni kuzipaka mate tu.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota almasi. Nikakunja sketi, nikachagua nzuri nzuri, nikateremka nazo. Wenzangu walikuwa kwenye ukwaju, hakuna aliyeniuliza. Sikuonja hata moja. Huwa namshukuru Mungu kwa hilo, halafu najiuliza nina uso gani wa kumshukuru.

"Bibi Nyanzobe hajambo?" mama aliuliza akinyoosha mkono.

"Hajambo."

Akavunja moja. Ilivunjika kirahisi, haikulia ko. Akatafuna, akafumba macho.

"Ya leo nyepesi," akasema. "Ina chumvichumvi. Mwambie asante sana, aendelee kunipa hii hii."

Kwa siku tatu mama yangu alikula zile. Siku tatu mimi nilipanda kilima kila nilipotumwa, nikala ukwaju, nikalala kwenye mwamba wa moto, nikateremka na sketi iliyokunjwa, sikukanyaga kwa Bibi Nyanzobe wala kuona ulimi wake. Nilijiona mtoto mwenye akili. Nilijiona pia mtoto mwema, maana mama sasa alikuwa anakula kitu kisafi.

Siku ya tatu mchana tumbo likaanza kumkata. Si sana, lakini katika nyumba ile hakukuwa na kitu kinachoitwa si sana. Shangazi Minza akaanza kupekua, amekula nini, amekunywa nini, nani kamletea. Akavuta bakuli la pemba uvunguni mwa kitanda, akachukua moja akaivunja kwa vidole. Shangazi alikuwa amechunga mbuzi na kaka zake tangu akiwa mdogo, porini hakuna alama asiyoijua. Ndani ya ile pemba kulikuwa na nywele, zimejisokota, za kijivu, na kijipande cha mfupa mdogo kama punje ya mchele.

"Wifi," alisema taratibu, "hii nani kakupa?"

"Si ni ya Bibi Nyanzobe?"

"Haya ni mavi ya fisi."

Fisi anatafuna mifupa, mavi yake yakikauka yanakuwa meupe. Leo naweza kulieleza hilo na kalamu mkononi, sina wasiwasi. Lakini kwetu fisi hakuwa mnyama tu. Watu walisema ni ng'ombe wa wachawi, wanamfuga, wanampanda, wanamkamua. Mavi ya fisi ndani ya nyumba yenye mimba, tena mdomoni mwa mwenye mimba, hayakuwa na maana mbili. Mama alitapika mpaka akabaki anatoa maji ya njano. Midomo yake bado ilikuwa na ule unga mweupe, na Shangazi alikuwa anaipangusa kwa kanga.

"Kabula," Shangazi akaniita. "Ulichukua kwa Bibi Nyanzobe?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, jua linaingia mpaka kwenye miguu yangu, hakuna aliyenikaba. Ningesema nimeokota kilimani ningepigwa, na nilipigwa kwa mambo madogo zaidi ya hilo, sikufa. Lakini kusema vile ni kusema kwamba mimi kwa mikono yangu nimemlisha mama yangu mavi, na lile neno halikuweza kupita kwenye midomo yangu. Nililionea kinyaa.

"Ndiyo," nikasema.

Shangazi alitoka uani akapiga ukunga. Kwetu ukunga ukipigwa, mtu anaacha hata chungu kikiungua. Kabla jua halijaanza kuteremka, sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walikuwa wameshakusanyika na fimbo zao, na nyuma yao wanawake na watoto, na zile pemba zangu zimewekwa kwenye ungo na kufunikwa kanga kama ugali wa wageni. Tukaenda kwa Bibi Nyanzobe. Mimi nilishikwa mkono na Shangazi. Nilijua kinachoweza kutokea, mtoto wa kwetu anajua. Nilikuwa nimeshapita kwenye kiwanja chenye majivu na mafiga matatu, nikauliza hapa palikuwa na nani, nikaambiwa tembea.

Bibi Nyanzobe alikuwa barazani, na kopo lake. Kamanda wa sungusungu, mwanamume wa makamo mwenye filimbi shingoni, alimwamkia kwanza. Hata siku ile alimwamkia kama mama yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mngesema mnakuja wengi ningeazima viti."

Kamanda akafunua ungo. "Unavijua hivi?"

Bibi akainama, akachukua kimoja, akakigeuza. "Mavi ya fisi. Mmeniletea mavi kwenye ungo mpya?"

"Amekula mwenye mimba, siku tatu. Mtoto anasema alipewa na wewe."

"Mtoto gani?"

Shangazi akanisukuma mbele. Bibi Nyanzobe akaniangalia. Aliangalia uso wangu, akateremka mpaka kwenye sketi. Pale nilipokuwa nakunjia palikuwa na unga mweupe, na kwenye upindo pamenasa mbegu za nyasi za ngitili, nyingi, za siku tatu. Hapo kwake nilikuwa sijakanyaga siku zote hizo. Akapandisha macho tena usoni kwangu, na nikajua kwamba amejua kila kitu, kuanzia mwanzo.

"Ni kweli Bibi ndiye aliyekupa?" kamanda aliniuliza.

Mungu anisamehe, hata wakati ule nilikuwa naangalia ugoro. Ulikuwa umemtoka puani na hakuupangusa. Nikaitikia kwa kichwa.

Watu wakanguruma. Mtu mmoja nyuma akasema neno kiberiti, polepole, kama anaazima tu. Bibi Nyanzobe akaweka kopo lake chini.

"Basi nilimpa," akasema. "Mnataka nini tena? Haya macho yangu mnayosema ni mekundu kwa sababu ya uchawi, hayaoni. Nimekwenda kilimani, nimeona cheupe, nimeokota, nimetia kwenye beseni. Bibi kipofu kaokota mavi. Uchawi wenyewe ndio huo?"

"Kila pemba unailamba," Shangazi Minza akasema. "Senta nzima inajua. Hii hukuilamba?"

"Niliilamba."

"Na hukuitambua?"

"Ukifika umri wangu uniambie ulimi wako unatambua nini."

"Basi kula," Shangazi akasema. "Kama ni kosa la macho, kula tukuone. Mchawi hali dawa yake."

Hilo kila mtu alilikubali. Ilikuwa kanuni, na nadhani kamanda naye aliikamata kama mtu anayezama, maana ilimpa njia ya kurudi nyumbani bila majivu mikononi. Akamsogezea ungo kwa mikono miwili.

"Kula, mayu. Kula tumalize."

Akala. Alikuwa na meno machache upande mmoja, akaisogeza huko kwa ulimi, ule ulimi. Tuliisikia inavunjika. Hakupewa maji na hakuomba. Unga ulimtoka kwenye pembe za mdomo ukachanganyika na ule mstari wa kahawia ukawa uji, akakohoa, macho yakamtoka machozi, akaendelea kutafuna. Katikati akasimama, akatia vidole mdomoni, akatoa kijimfupa, akakitazama, akakiweka kwenye ukingo wa ungo kwa utaratibu kama mtu anayekula samaki. Halafu akameza. Wanawake walikuwa wamegeuza nyuso. Mwanamume mmoja alikuwa anatapika kwenye ukuta. Mimi mtoto wa kinyaa sikugeuka, nilitazama mpaka mwisho, na tumbo langu lilikuwa limetulia kabisa. Hilo linanichukiza kuliko yote niliyoyasimulia hapa.

"Ina chumvi," Bibi Nyanzobe akasema. "Niongeze?"

Kamanda akachukua ungo wake. Watu wakatawanyika wakisema ni uzee, ni macho, tumwombe Mungu asitufikishe. Hakuchomewa nyumba. Lakini pemba yake haikununuliwa tena na mtu yeyote, na barazani kwake salamu zilipungua mpaka zikaisha, maana kosa lake lilikuwa limesamehewa ila mdomo uliotafuna mavi haukusamehewa. Watoto walimtungia jina ambalo sitaliandika. Nililiita na mimi, pamoja nao, kwa sauti, ili nisijulikane. Baada ya muda mfupi tukasikia mwanawe wa Geita anakuja kumchukua.

Tumbo la mama lilitulia siku ile ile, na mimba ilikaa. Mdogo wangu Masanja alizaliwa mkubwa, mwenye kelele, leo anaendesha lori na anakula chochote kinachowekwa mbele yake. Shangazi Minza mpaka anakufa aliamini ni yeye aliyemwokoa.

Siku ambayo Bibi Nyanzobe alikuwa anaondoka, Shangazi alikuwa amekwenda kuchota maji. Mama aliniita ndani. Alikuwa amekaa kitandani, tumbo limefika magotini, na midomo yake kwa mara ya kwanza niliiona ina rangi yake ya kawaida.

"Nenda kwa Bibi Nyanzobe," alisema, "mwambie mama anaomba pemba ya kuagana." Akanishika kidevu. "Na leo ufike."

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala baadaye, na mimi sikumuuliza ameanza kujua lini, kabla ya ungo au baada. Bado yuko hai. Bado sijamuuliza.

Nikafika. Bibi Nyanzobe alikuwa amekaa juu ya furushi lake barazani, mwanawe anafunga godoro kwenye baiskeli. Nikamwamkia, sauti ndogo. Hakuniuliza kama shikamoo naiuza. Nikamwambia mama anaomba pemba ya kuagana. Akafungua fundo la kanga, humo zilikuwa zimebaki tatu. Akalamba moja, akafumba jicho, akairudisha. Akalamba nyingine.

"Hii," akasema. "Mpelekee mama yako."

Akaiweka kiganjani mwangu, imelowa, ina uvuguvugu. Nikasema asante, Bibi. Nilikuwa nimejiandaa kusema na jingine, nilikuwa nalirudia njia nzima tangu nyumbani. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshazoea kazi yake, na siku ile haukusubiri kona. Niliisugua ile pemba kwenye sketi pale pale mbele yake, upande mmoja na upande wa pili, na Bibi Nyanzobe, ambaye senta nzima ilikuwa imekubaliana kwamba haoni, aliutazama mkono wangu mpaka ulipomaliza.